Asiyetaka Dawa Afundishwe Kuhesabu

Hii ni hotuba kamili kuhusu dini na kupanga uzazi, iliyotolewa Ujiji, Kigoma, mbele ya wanandoa, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Imewekwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Masheikh wetu, mapadre, wachungaji, masista, akina mama Wakatoliki wa WAWATA, mama zangu na baba zangu nyote: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Najua wamo humu waliokuja wakidhani wataambiwa kwamba dini yao imewapotosha. Wamo pia waliokuja wakitumaini kusikia kwamba kliniki ni nyumba ya dhambi. Nyote wawili hamtapata mlichofuata.

Neno langu ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: mtu ambaye imani yake inamkataza dawa za kuzuia mimba, asiachwe mikono mitupu. Afundishwe kuhesabu. Afundishwe kwa siku na kwa saa, kwa makini yaleyale anayofundishiwa jirani yake kumeza kidonge. Kumwambia "usitumie" kisha ukamwacha arudi nyumbani na ndoa yake, huo si uchungaji wala si uimamu. Na kumwambia "achana na mambo ya dini", huo si uuguzi.

Nianze na wazee wetu, kabla ya msahafu na kabla ya Biblia.

Nani humu hajasikia neno kubemenda? Mtoto anakonda, miguu haina nguvu, tumbo halitulii, mwaka unapita hajasimama dede. Bibi anamtazama mjukuu, anamgeukia mama mtu, anasema: huyu mmembemenda. Maana yake baba na mama wamerudiana mtoto akiwa bado ananyonya. Kwa kuogopa aibu hiyo, mama alilala na mtoto, baba alilala kwake, na muda ulihesabiwa kwa meno na kwa hatua za mtoto. Tunaambiwa wazee walizaa tu kama Mungu alivyopenda, bila kupanga. Si kweli. Walipanga. Chombo chao kilikuwa mwiko.

Je, bibi alikuwa sahihi? Nusu. Mbegu ya mwanamume haina njia ya kufika kwenye maziwa. Haiyachafui na haimdhuru mtoto. Ila bibi alikuwa ameona kitu cha kweli kabisa kwa macho yake: mimba ya pili ikiingia upesi, maziwa hupungua, mama huchoka, na mtoto wa miezi 9 anaachishwa ghafla na kuwekwa kwenye uji wa muhogo. Muhogo unashibisha, lakini hauna kitu cha kujenga mwili wa mtoto. Hapo ndipo miguu inapovimba na nywele zinapobadilika rangi.

Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi Accra, katika nchi iliyoitwa wakati ule Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Aliona watoto wa namna hiyo wodini, akawauliza akina mama wa kabila la Ga ugonjwa huu wanauitaje. Wakamjibu: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake na mdogo wake. Jina hilo ndilo limo katika vitabu vya tiba hadi leo. Jamani, bibi wa Accra na bibi wa Kasulu hawakuwahi kuonana, na wote walimnyoshea kidole mtoto yuleyule.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto hai ndipo atafute mimba nyingine. Ongeza miezi 9 ya kubeba, unapata miezi 33 kati ya mtoto na mtoto. Mimba ikiharibika, apumzike angalau miezi 6. Mimba zikifuatana mno, damu ya mama haijarudi, na anayezaliwa ana hatari kubwa zaidi ya kuja kabla ya siku zake au akiwa na uzito mdogo.

Na idadi je? Hapa nataka akina baba mnisikilize. Mtoto akishatoka na kondo likatoka, kinachozuia damu ni msuli wa mfuko wa uzazi kujikaza na kuibana mishipa. Siku za mwisho za mimba, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko huo kila dakika. Msuli uliokwisha kubeba mimba tano, sita, saba, mara nyingine huchelewa kujikaza. Unabaki laini kama mfuko wa kitambaa, na damu inafunguka. Mama anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Sasa wewe unayeishi vijiji vya mwambao wa kusini, Uvinza, ambako usafiri wako ni boti, hesabu mwenyewe ni saa ngapi mpaka hospitali ya Maweni. Hesabu na upepo wa ziwa.

Kwa hiyo mama mwenye mimba ya saba, ambaye imani yake haimruhusu kuzuia, asisutwe wala asichekwe kliniki. Aambiwe la kufanya: asijifungulie nyumbani. Wiki mbili tatu kabla ya siku zake ahamie kwa ndugu aliye karibu na kituo chenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea. Wapatikane mapema watu wawili wa kumtolea damu. Nauli iwekwe pembeni. Kanisa au msikiti unaohimiza uzazi mwingi na uwe wa kwanza kuchangia nauli hiyo. Hilo nalisema kwa heshima, na nalisema kwa uzito.

Sasa twende kwenye maandiko. Maswali mawili huchanganywa, na ndiyo maana tunagombana bila kufika. La kwanza: je, inafaa kupisha mtoto na mtoto? La pili: kwa njia gani? Kwenye la kwanza, dini kubwa zilizomo humu hazipingani hata kidogo. Ugomvi uko kwenye la pili.

Masheikh wangu, nisahihisheni nikiteleza. Anayehimiza uzazi mwingi ana hoja. Abu Dawud, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwa Ma'qil bin Yasar kwamba mtu alimwendea Mtume akitaka kumwoa mwanamke mwenye sura na nasaba, lakini hazai. Akakatazwa. Akarudi mara ya pili, akakatazwa. Mara ya tatu akaambiwa aoe mwenye mapenzi na uzazi, kwa kuwa Mtume atajivunia wingi wa umma wake. Hiyo ipo, na wala tusiifiche.

Lakini ipo na hii. Jabir bin Abdillah, sahaba wa Mtume, amesema: tulikuwa tukifanya azl, nayo Qur'ani inateremshwa. Yaani mume kujitoa kabla ya kumwaga. Katika mapokezi ya Imam Muslim, mkusanyaji mwingine wa hadithi, imeongezwa kwamba habari zilimfikia Mtume na hakuwakataza. Kwa Jabir huyohuyo kuna kisa cha mtu aliyekuja kuuliza kuhusu mjakazi wake, hataki apate mimba. Akaambiwa afanye azl akitaka, ila kilichokadiriwa kitamfikia. Baada ya muda mtu yule akarudi: amepata mimba.

Mnaona mambo mawili hapo? La sheria ni kwamba jumuiya kubwa ya wanazuoni ilijenga ruhusa juu ya mapokezi hayo, kwa sharti la ridhaa ya mke. La pili ni la kliniki: azl inashindwa. Katika wanandoa 100 wanaoitegemea kama watu wa kawaida wanavyoifanya, kiasi cha 20 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja. Mtu yule wa zamani hakuwa mzembe, njia yenyewe ndiyo dhaifu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizipima nia za mwenye kufanya azl moja baada ya nyingine. Kuhofia uhai wa mke, alikubali. Kuhofia dhiki ya kulea watoto wengi hata mtu akaingia kwenye chumo la haramu, alikubali, ingawa alisema kumtegemea Mungu ni daraja ya juu zaidi. Kuogopa kuzaa watoto wa kike, alikataa katakata. Ningependa nia hiyo ya mwisho isomwe misikitini kila mwezi.

Najua aya inayoletwa: msiwaue watoto wenu kwa kuogopa ufukara, Sura ya 17 aya ya 31. Wapo masheikh wanaoitumia kusema kwamba hofu ya umaskini haiwi sababu ya kuzuia mimba, na nawaheshimu. Ila aya inamzungumzia mtoto aliyekwisha kuwapo. Na ipo aya nyingine, Sura ya 2 aya ya 233, ya mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Aya hiyo inasema wazazi wakitaka kumwachisha kabla, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Kuridhiana na kushauriana! Mume na mke, wamekaa, wanazungumza. Ni nyumba ngapi hapa Ujiji zimekaa na kuzungumza? Kufunga kizazi moja kwa moja ni jambo jingine. Wanazuoni wengi wanakataza isipokuwa tabibu amethibitisha hatari, na muuguzi anapaswa kuliheshimu hilo bila kununa.

Ndugu zangu Wakatoliki. Mwaka 1930 ulikuwa wa njia panda. Maaskofu wa Kianglikana walikutana Lambeth, London, mwezi wa nane, wakafungua mlango kidogo kwa njia za kuzuia mimba pale penye sababu nzito ya kimaadili. Waanglikana wa Kasulu, mlango wenu ulianzia hapo. Desemba ya mwaka huohuo, Papa Pius wa 11 akajibu kwa waraka wa Casti Connubii: hapana. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12, akizungumza na wakunga wa Italia, akasema wanandoa wenye sababu nzito wanaweza kutumia siku ambazo mke hashiki mimba.

Kisha kidonge kikaja. Papa Yohane wa 23 akaunda tume mwaka 1963, na Papa Paulo wa 6 akaipanua: madaktari, wataalamu wa idadi ya watu, mapadre na wanandoa. Miongoni mwao walikuwamo mume na mke kutoka Chicago, Patrick na Patty Crowley, waliowaandikia wanandoa Wakatoliki wakiwauliza maisha yakoje kwa njia ya kalenda. Barua zikarudi. Watu waaminifu, wenye sala, wakaeleza hofu ya kila mwezi na mahesabu yaliyowaangusha. Mwaka 1966 wengi wa tume walipendekeza mafundisho yalegezwe. Papa akasali, akapima, na tarehe 25 Julai 1968 akatia sahihi waraka wa Humanae Vitae. Mafundisho yakabaki: kila tendo la ndoa libaki wazi kwa uhai.

Wengi wetu tumesikia sehemu hiyo tu. Lakini waraka huohuo, namba 10, unazungumzia uzazi wenye kuwajibika, pamoja na uamuzi wa kutoongeza mtoto kwa muda au kwa muda usiojulikana, kwa sababu nzito. Namba 15 inaruhusu dawa inayotibu ugonjwa hata kama inazuia mimba pembeni, ilimradi si hilo linalokusudiwa. Namba 16 inaruhusu kufuata majira ya mwili. Januari 2015 Papa Fransisko, akiwa ndani ya ndege akitoka Manila, alisema kwamba kuwa Mkatoliki mwema hakumaanishi kuzaa kama sungura. Kwa hiyo padre anayesema "Kanisa linakataza uzazi wa mpango" amesema nusu ya maneno. Kanisa linakataza njia. Kupanga kwenyewe limekuita uwajibike. Basi kama njia ni moja tu, njia hiyo na ifundishwe kwa umakini wote!

Walutheri, Wamoraviani na Wasabato, nitapita haraka, kwa kuwa makanisa yenu kwa ujumla yamewaachia wanandoa waamue kwa dhamiri.

Nitasimama kwenye makanisa ya kiroho, ambako Zaburi ya 127 inahubiriwa kwa nguvu. Wana ni urithi wa Bwana, ni kama mishale mkononi mwa shujaa, heri aliyelijaza podo lake, yaani mfuko wake wa mishale. Marekani lipo kundi la Wakristo, lililopata nguvu miaka ya 1980, lililojiita kwa jina la podo hilohilo. Wanakataa kila njia, hata kuhesabu siku, wakisema idadi ni kazi ya Mungu peke yake. Mafundisho ya aina hiyo hayajakosa masikio huku kwetu.

Sitabishana na zaburi. Naomba tu tuutazame mshale. Mchongaji anakata ufito ulionyooka. Anaubandua ganda, anaukausha kivulini, anaupitisha juu ya moto na kuunyoosha kwa mkono, anauangalia kwa jicho moja, anaurudisha motoni. Nyuma anaufunga manyoya, mbele anautia chuma alichonoa. Ufito uliotiwa podoni ukiwa mbichi unapinda humohumo, na siku ya vita haufiki popote. Aliyeandika zaburi ile aliishi na watu waliojua kazi hiyo. Podo lake lilikuwa la mishale, siyo la fito.

Na anayesema kuhesabu ni kumwingilia Mungu, nimuulize: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Miezi mitatu hakuna kuvua. Tuliumia, bei ya dagaa ilionekana mezani kwa kila mtu. Kuna msikiti au kanisa lililosema serikali imemkosoa Mungu mwenye samaki? Hakuna. Tulielewa: ziwa linapumzishwa. Ziwa tumelipumzisha. Mama je?

Basi tuhesabu. Hapa ndipo penye kazi, chukueni kalamu.

Njia ya kwanza ni kunyonyesha. Inakubalika kwa kila mtu aliyemo humu, haina gharama, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa kutojua. Masharti ni matatu, na yote yatimie kwa pamoja. Hedhi iwe haijarudi, na damu inayotoka ndani ya siku 56 za mwanzo haihesabiwi kuwa hedhi. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, mchana na usiku, na nafasi kati ya kunyonya na kunyonya isizidi saa 4 mchana wala saa 6 usiku. Na mtoto awe hajatimiza miezi 6. Masharti yakitimia, katika akina mama 100 hawafiki wawili watakaoshika mimba katika miezi hiyo.

Inaharibika wapi? Kwenye kijiko. Maji ya kutuliza kwikwi, dawa ya chango, uji mwepesi wa mtoto "mwenye njaa sana". Kila kijiko kinapunguza kunyonya, na kunyonya ndiko kunakoupelekea ubongo wa mama habari ya kuzuia yai lisipevuke. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anabaki na dada yake, wanaonana saa saba mchana. Sharti limevunjika hata kama usiku ananyonya mpaka asubuhi. Na lishikeni hili: yai hutangulia, hedhi hufuata. Mwanamke anaweza kushika mimba kabla hajaiona hedhi hata moja tangu ajifungue. Ndiyo sababu mnasikia "nimepata mimba na hedhi haikurudi". Sharti moja likivunjika, siku hiyohiyo uanze njia nyingine.

Ya pili ni shanga. Ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, na inamfaa mwanamke ambaye mzunguko wake hauwi chini ya siku 26 wala hauzidi siku 32. Tungeni ushanga wa punje 32, wenye kiduara cha mpira kinachobana. Punje 1 nyekundu, 6 za kahawia, 12 nyeupe, kisha 13 za kahawia. Siku ya kwanza ya hedhi weka kiduara kwenye nyekundu na uandike tarehe ukutani. Kila asubuhi sogeza punje moja, hata siku za damu. Kiduara kikiwa kwenye nyeupe, yaani siku ya 8 hadi ya 19, hakuna kukutana. Hedhi ikija, rudi kwenye nyekundu na kuziruka punje zilizobaki.

Kwa nini siku 12, wakati yai haliishi zaidi ya siku moja? Kwa sababu mbegu za mume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwanamke, na yai halitoki tarehe ileile kila mwezi.

Punje ya 27 ipakeni rangi iliyokolea. Hedhi ikija kabla ya hiyo, mzunguko umekuwa mfupi mno. Punje zikiisha zote na kesho yake hedhi haijaja, umekuwa mrefu mno. Ikitokea mara mbili ndani ya mwaka, njia hii haikufai, iache. Aliyejifungua karibuni asianze mpaka hedhi zirudi mara nne na ya mwisho iwe ndani ya siku hizo. Aliyetoka kwenye sindano ya kuzuia mimba naye asubiri mzunguko utulie.

Ikifuatwa sawasawa, katika wanawake 100 kwa mwaka hupata mimba 5. Kwa matumizi ya kawaida, 12. Hao saba wa katikati ni nani? Ni aliyesahau kusogeza, akasogeza mbili kesho yake kwa kubahatisha. Ni mume aliyesogeza asubuhi, na mke akasogeza tena jioni. Ni mtoto aliyeuchezea ushanga. Na zaidi ya wote, ni siku nyeupe iliyovunjwa kwa sababu baba amerudi kutoka ziwani.

Baba zangu wavuvi, nyinyi ndio mnaonipa imani kwamba hili linawezekana. Nani anajua kuhesabu kuliko nyinyi? Mbalamwezi ikikomaa hamtoki, kwa kuwa taa haiwakusanyi dagaa kwenye mwanga. Mnajua leo ni usiku wa ngapi bila kalenda. Hamlalamiki kwamba mwezi unawanyima haki yenu. Mnashona nyavu, mnasubiri giza. Mzunguko wa mwanamke haufuati mwezi wa angani, msichanganye, kila mwanamke ana wake. Ila uvumilivu wa kungoja mnao tayari.

Ya tatu ni ute, na hii inamfaa hata mwenye mzunguko usiotulia. Madaktari John na Evelyn Billings wa Melbourne, Australia, mume na mke Wakatoliki, ndio walioijenga, baada ya John kuianza kazi hiyo mwaka 1953. Mwanamke anajiangalia mchana kutwa, anahisi nini anapotembea na anaona nini anapojipangusa, na anaandika jioni. Baada ya hedhi kwa kawaida kunakuwa kukavu. Kisha huja ute mzito, wa kunata. Kisha unakuwa wa kuteleza, wa kuvutika, kama ute wa yai bichi la kuku. Siku ya mwisho ya kuteleza ndiyo kilele, na utaijua kesho yake tu, kuteleza kukiisha. Hesabu siku 3 kamili baada ya kilele. Siku ya nne mko huru mpaka hedhi. Kabla ya kilele, kwenye siku kavu, mkutane jioni tu na kwa kuruka siku, maana majimaji ya mume ya jana yanaweza kufanana na ute wa leo. Siku za damu nyingi ngojeni. Ute ukionekana tu, simameni.

Inaharibiwa na nini? Maambukizi yanayotoa uchafu, na hayo yatibiwe kwanza. Kujiosha ndani. Dawa za kubana ukeni, ambazo zinakausha kila kitu na kukuacha huna cha kusoma. Kujifunza peke yako kwa kuhadithiwa. Mtu anahitaji mwalimu kwa mizunguko mitatu, na katika mizunguko hiyo ya kujifunza awe mwangalifu mno.

Na naomba tuache kuziita "siku za hatari". Mwenye imani kwamba mtoto ni baraka anawezaje kuiita siku ya baraka kuwa hatari? Tuseme siku za rutuba. Kuna siku za kupanda na kuna siku za kupalilia.

Kwa wale ambao imani yao inawaruhusu: kidonge kila siku, sindano kila miezi mitatu, kijiti cha miaka 3 au 5, kitanzi cha shaba miaka 10 na zaidi. Kwenye vituo vya serikali hulipii. Anayeuliza kama kitanzi hutoa mimba, ajue kazi yake kuu ni shaba kuzilemaza mbegu zisilifikie yai.

Nimalizie na jambo linaloniuma, nalo ni siri.

Chukueni nyumba yoyote ambamo mume amesikia mahubiri ya "hapana" na mke ana watoto watano. Mke anakwenda kuchomwa sindano, kadi anaificha kwenye debe la unga. Baada ya miezi mitatu hedhi inavurugika, matone kila wiki, au inapotea kabisa. Mume anaona, anaanza kushuku ugonjwa, au uzinzi. Mke anaogopa, anaacha. Sasa wanataka mtoto na hapatikani, kwa sababu baada ya sindano ya mwisho huweza kupita miezi 9 au 10 ndipo mimba ishike. Mama mkwe anasema amelogwa, au amejifunga. Kadi inaonekana. Mnajua kinachofuata usiku huo.

Ni dawa iliyovunja nyumba hiyo? Ni mahubiri? Mahubiri yalimpa mume katazo bila njia, na kliniki ikampa mke dawa bila mume. Tumeibomoa pamoja, wahubiri na sisi wa kliniki.

Masheikh, mapadre, wachungaji, nawaomba mambo mawili tu. Kwenye mafundisho ya kabla ya ndoa, wekeni siku moja nzima ya kuhesabu, bibi na bwana harusi wakae benchi moja, na mwalimu awe mtu anayeijua kazi. Na baada ya kila ubatizo au akika, muulizeni baba, siyo mama, swali hili: mdogo wake mmempangia lini?

Wahudumu wako mezani upande wa mlango wa kushoto. Shanga na nyuzi zipo, kila wanandoa watunge wa kwao kabla ya kuondoka. Waliokuja na tarehe za hedhi za miezi mitatu iliyopita waanze kuonwa. Wasiokuwa nazo wachukue karatasi, waandike kuanzia mwezi huu, warudi wakiwa wawili.